Mwenyewe Aje

Jumatatu, tarehe 6
Nyumba ya wageni, chumba namba tisa

Babu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, wewe ndiye wa kwanza: leo nimemdanganya Shangazi mchana kweupe, nikimtazama machoni, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Mimi huyu, ambaye nikiitwa kujibu swali darasani hutoka jasho mpaka vidole vya miguu.

Sipigi simu kwa sababu simu ni ya Shangazi, na Shangazi huongea kwa spika. Hukumwita binti yako Redio bure. Isitoshe, tangu nijue kuandika, mimi na wewe maneno ya kweli tunayaweka kwenye droo ya meza yako ya kazi, chini ya mikanda ya saa, migongoni mwa tiketi za wateja wako. Sasa hili basi la asubuhi tulichukulie kuwa ni droo. Droo ndefu, yenye dereva.

Tumefika salama. Shangazi ameshabandika ukutani karatasi yake ya ukoo, kubwa kama shuka. Jina lako liko juu, pweke kabisa, kwa sababu wewe mwenyewe ulimwambia: "Nilizaliwa peke yangu. Mtakachokikuta huko ni vumbi."

Vumbi tumelikuta kweli. Asubuhi tulikwenda kwenye shule uliyosoma. Karani wa shule ana miwani mbili, moja machoni, nyingine kwenye paji la uso, na alikuwa akitafuta ya tatu.

"Rejesta za miaka hiyo zililiwa na mchwa," akasema.

"Mchwa wale zote, wabakize ya baba yangu," Shangazi akamjibu. "Nimepanda basi siku nzima mimi, sirudi na mikono mitupu."

Tuliipata chini ya sanduku la mipira iliyopasuka. Imeandikwa kwa lugha ya shule, mwandiko umelala kama majani yaliyopigwa na upepo, na Shangazi anasema lugha hiyo aliirudisha kwa mwalimu siku ya mwisho ya mtihani. Kwa hiyo mimi ndiye macho yake na mdomo wake. Nasoma, natafsiri, yeye anaandika. Na nikakupata, Babu! Mstari wa kumi na nane! Umri, miaka kumi na mitatu. Kazi ya mzazi, mwoka mikate. (Mbona sisi ulituambia alikuwa mfanyabiashara?) Nilipiga kelele. Mimi! Karani akadondosha miwani zote mbili.

Halafu macho yakateremka mstari wa kumi na tisa. Jina la baba, lile lile. Nyumba, ile ile. Msichana, miaka kumi na mitano. Dada yako. Na pembeni, kwa wino mwekundu: Ameondolewa shuleni. Aliiba saa ya shule. Alikataa kusema alikoificha.

"Kuna nini hapo?" Shangazi akauliza. "Mbona umekauka?"

"Mstari unaofuata ni wa mtoto wa watu wengine."

"Haya, songa mbele."

Nikasonga mbele. Nikamruka binadamu mzima kama mtu anavyoruka dimbwi. Lakini Shangazi alipotoka kunawa mikono, niliunakili mstari wako na wake, safu kwa safu, ndani ya daftari langu la hisabati. Unanijua, mimi hunakili kila kitu.

Nilidhani nakustiri. Nilidhani una haya kuwa na dada mwizi. Nimekosea? Nina hofu, lakini si hofu tu. Nina furaha ya ajabu, kama mtu aliyegundua chumba kingine ndani ya nyumba aliyozaliwa.

Nisalimie ile saa yako ya ukutani iliyogoma, uliyoifunika kitambaa.

Namsikia Redio kwenye ngazi. Naficha hii chini ya godoro.

Sisimizi


Jumanne, tarehe 7
Karakana

Sisimizi,

Barua yako imefika saa tisa na dakika kumi na nne. Dereva alikuwa ameniahidi tisa kamili. Watu wa namna yake ndio wanaonipa kazi.

Umefanya vyema kunistiri. Ni kweli nilikuwa na dada. Alifariki zamani, baba yako hata hajazaliwa. Yaliyopita si ndwele. Mwache Shangazi yako ajaze karatasi yake.

Mambo ya mikate usihangaike nayo. Tanuri la baba lilibomolewa. Na hiyo barabara ina mbwa wakali, usipite.

Hapa ni shwari. Nyonga inauma nikikaa, inauma nikisimama, kwa hiyo nimeacha kuiuliza maoni. Leo kaja mtu kuchukua saa ya jirani yake. Nikamwonyesha kibao changu: MWENYEWE AJE NA TIKETI. Akanuna. Anune. Saa ya mtu haipewi mtu mwingine.

Nina swali dogo tu. Huo wino mwekundu, umefifia au bado unasomeka?

Babu yako


Alhamisi, tarehe 9
Nyumba ya wageni

Babu,

Mbwa hakuna.

Tanuri halijabomolewa. Na marehemu ni mzima wa afya, leo asubuhi ameniuzia mikate miwili.

Usinikasirikie. Nilitaka kutii, nakuapia. Lakini nililala nikijiuliza: tanuri lililobomolewa linalindwa na mbwa wa nini? Shangazi alipokwenda ofisi ya ardhi kugombana na foleni, mimi nikafuata harufu.

Ni chumba kirefu, kuta nyeusi kwa moshi huku juu, nyeupe kwa unga huku chini, kama kimevalishwa sketi. Trei zimepangwa mpaka darini. Vijana wawili wa kike wanakanda, wanaimba, wanagombana, wanaendelea kuimba. Nimetafuta saa ukutani sikuiona. Hata moja. Na katikati yuko bibi mmoja mfupi, mikono mikubwa, anatoa amri kwa kidevu.

Akatoa mkate kwenye trei. Akaugeuza, akaugonga kitakoni kwa kifundo cha kidole, akauleta sikioni. Akainamisha kichwa kushoto. Akafumba jicho la kushoto.

Babu! Nimekuona ukifanya hivyo miaka yote kumi na sita ya maisha yangu, ila wewe unasikiliza saa. Kichwa ni kile kile. Jicho ni lile lile. Hata mdomo anaubana pembeni kama wewe mteja anapokuambia saa "ilianguka kidogo tu".

"Unataka mmoja au miwili?" akaniuliza.

Nikanyoosha vidole viwili.

"Huyu naye ulimi kauacha nyumbani," akawaambia wale wakandaji. Wakacheka. Nikachukua mikate nikakimbia, nusura nisahau kulipa.

Shangazi amekula mmoja na nusu peke yake. "Mkate huu una kitu," akasema. "Kama vile nimewahi kuula mahali." Mimi nikakohoa mpaka machozi.

Babu, yuko hai! Sijui ni nani aliyekuambia amekufa, lakini huyo mtu alikudanganya, na leo ndiyo mwisho wa uongo wake. Nataka nimwambie mimi ni nani. Nitajikaza. Niruhusu.

Sisimizi anayerukaruka


Ijumaa, tarehe 10
Karakana

Mjukuu wangu,

Aliyesema amekufa ni mimi. Hakuna mwingine.

Nimekaa na barua yako tangu basi lilipoileta leo mchana, bila kugusa kazi. Sasa nakuambia, na usinikatize, ingawa wewe si wa kukatiza watu.

Saa niliiiba mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilitaka kujua ni nini kinachogonga mle ndani. Hilo tu. Ijumaa jioni niliishusha ukutani nikaibeba nyumbani ndani ya gunia la unga. Kufungua nilijua. Kufunga sikujua. Jumatatu asubuhi nikaenda shuleni na gurudumu moja dogo la shaba kwenye ngumi, bado nafikiria mahali pake, kama mjinga.

Mwalimu mkuu akatupanga mstari. Anakagua mifuko, anakagua mikono. Dada yangu alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Yeye ndiye aliyekuwa na akili, mimi nilikuwa napita mitihani kwa kuchungulia begani kwake. Akanishika ngumi, akaifungua kidole kimoja kimoja, akalichukua gurudumu. Mwalimu akauliza, "Ni nani?" Dada akainua mkono. "Iko wapi?" Kimya. "Iko wapi, nasema?" Kimya. Nilikuwa pembeni yake, bega kwa bega. Mdomo wangu ulikuwa wazi, Sisimizi. Haukutoa neno.

Siku ile ile alirudishwa nyumbani kukanda unga. Mimi nikasoma hadi mwisho. Nilipofika miaka kumi na saba nikaondoka na saa ndani ya gunia, nikasema naenda kujifunza ufundi, nitarudi saa itakapotembea. Ndiyo hiyo ukutani. Imepungukiwa gurudumu moja. Nimechonga magurudumu ya saa za mji mzima, lakini la hiyo sikuthubutu kulichonga. Lake lipo, wala si kwangu.

Mtu akichelewa siku moja huomba radhi. Akichelewa miaka, hutunga hadithi. Kwanza nilisema yuko mbali. Kisha nikasema sina. Kisha nikasema amekufa, maana maiti haulizwi habari zake.

Redio usimwambie, huyo ni mwanangu, nitamwambia mimi. Kuhusu dada, sina uso wa kukutuma wala haki ya kukuzuia.

Babu


Jumatatu, tarehe 13
Nyumba ya wageni

Babu, Babu, Babu,

Kaa chini kwanza. Kama umekaa, shika meza.

Jumamosi nilimwambia Redio naenda kununua mkate, na haukuwa uongo. Pale dukani nikawapisha watu sita. Mwishowe nikabaki mimi na yeye.

"Leo ulimi umekuja nao?"

"Nimekuja nao."

"Basi useme."

Haukusema. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima njiani, ikayeyuka yote. Nikafanya jambo sijui lilitoka wapi: nikachukua mkate kwenye trei, nikaugeuza, nikaugonga, nikauleta sikioni, nikafumba jicho la kushoto. Kama wewe.

Wakandaji wakaacha kuimba.

"Hicho," akasema taratibu, "umefundishwa na nani?"

"Babu."

"Babu yako ni nani?"

"Fundi saa."

Akakaa juu ya gunia la unga, vumbi jeupe likapanda pande zote. Nilidhani analia. Babu, alikuwa anacheka! Alicheka mpaka machozi yakachora njia kwenye unga wa mashavuni. "Kumbe alijifunza kuifunga!" akasema. "Kumbe alijifunza kuifunga, yule mtoto!"

Nikampa daftari langu la hisabati. Akalishika mbali kama kioo, akaanza kusoma kwa sauti ile lugha ya shule ambayo hajaisema tangu siku ile. Anaitamka vizuri kuliko mwalimu wangu! Alipofika kwenye maneno ya wino mwekundu (na ndiyo, Babu, bado unasomeka) akapiga paja.

"Alikataa kusema? Nani alikataa? Nilikuwa nalo mdomoni!"

"Nini, Bibi?"

"Gurudumu! Mwalimu anakuja anakagua mikono, mimi nitalificha wapi? Nikalitia chini ya ulimi. Lina ladha ya ufunguo. Ningefumbua mdomo lingeanguka miguuni pake, naye angemgeukia mdogo wangu, maana huyo uso wake ulikuwa umeshaungama kila kitu."

Kisha kidole chake kikateleza kwenye safu ya mwisho, ambayo mimi niliinakili tu bila kuiwazia.

"Na hii? Nafasi darasani?"

"Ya mtihani, Bibi. Namba moja."

"Namba moja ya nani?"

"Yako."

Kumbe mtihani walikuwa wameufanya wiki moja kabla, na yeye alifukuzwa matokeo hayajasomwa. Hakuna aliyemfuata kumwambia. Alinisomesha safu ile mara tatu. Kisha akasimama, akawaita wakandaji, akamwita na dereva wa mkokoteni wa unga aliyekuwa anapita zake. "Njooni! Mnaojua kusoma na msiojua! Nilikuwa wa kwanza! Darasa zima, wavulana wote, wa kwanza!" Dereva akapiga makofi ingawa hakujua ni wa kwanza wa nini. "Na yeye?" akaniuliza. Nikamwonyesha mstari wa kumi na nane. Namba nne. "Wa nne! Na alikuwa ananakili kwangu!"

(Sisi ulituambia ulikuwa wa kwanza. Hilo nalo tutalizungumza.)

Gurudumu lipo. Analiweka ndani ya kopo la hamira, limefungwa kitambaa, linang'aa kama limetoka dukani jana. Nikaomba nikuletee. Akalifumbata.

"Hili halitumwi. Mwenyewe aje."

Nikacheka mpaka nikakosa pumzi, nikamweleza kibao chako. Naye hakucheka. "Mwambie hivyo hivyo."

"Ana nyonga mbovu, Bibi."

"Miaka sitini ilikuwa nzima."

Nilipofika mlangoni akaniita. "Mimi nilikuwa na gurudumu mdomoni. Wewe, mjukuu wangu, una nini mdomoni?"

Nimekuwa nikilitafuta jibu tangu juzi. Tunarudi Jumapili. Njoo kabla.

Sisimizi


Jumatano, tarehe 15
TIKETI YA KARAKANA

Kitu: gurudumu moja dogo, la shaba.
Kasoro: limechelewa kuchukuliwa miaka sitini na moja.
Mwenyewe: mimi.
Siku ya kuchukua: Jumamosi, basi la asubuhi.
Maelezo: Saa nitaipakata, ndani ya gunia lake. Nyonga haikuulizwa. Habari za dada yangu nitamwambia Redio mimi, ana kwa ana. Lakini mstari wa kumi na tisa ulirukwa na wewe, Sisimizi, na huo uongo siwezi kukuchukulia. Mwenyewe aje.


Jumamosi, tarehe 18
Nyuma ya tanuri

Babu,

Sijui naandika nini na wewe uko njiani. Mikono ndiyo imezoea.

Niko kwenye meza ya kukandia, karatasi imeshakuwa na unga kila mahali. Bibi amebadilisha kitambaa cha kichwa mara tatu na amewafokea wakandaji bila kosa. Ameunguza trei moja, na wao wanasema haijawahi kutokea tangu wamjue. Sasa amekaa, gurudumu liko kwenye ngumi yake. Kila gari likipita anauliza, "Hilo?"

Shangazi nilimwambia kuna kifurushi chako kinakuja na basi.

"Kifurushi gani tena? Si angekutuma wewe ukakichukue?"

"Lazima kipokelewe na binti yake mwenyewe. Halafu ukilete kwa mwoka mikate."

"Kina uzito?"

"Kiasi."

Akaenda huku analalamika. Karatasi ya ukoo nimeibandua ukutani, ninayo hapa, pamoja na kalamu yake. Pembeni ya jina lako nafasi ni kubwa tu, inamtosha mtu.

Na maneno yangu ni haya, nimeyaandika ili nisiyasahau: Shangazi, siku ile shuleni nilikudanganya. Mstari wa kumi na tisa haukuwa wa mtoto wa watu wengine. Ulikuwa wa shangazi yako wewe.

Nimeyasoma mara kumi. Nilikuwa nimepanga nikuachie hii uisome ukifika, kisha wewe umpe Redio, kama kawaida yetu, kila mtu na droo yake.

Hiyo sauti! Imeanza kusikika tangu kona: "Baba, hiyo nyonga! Ungepiga simu! Basi nipe hilo gunia!" Na wewe: "Sikupi." Bibi amesimama. Viatu vya Shangazi, tap tap tap, na nyuma yake mguu, mguu, fimbo. Mguu, mguu, fimbo. Wako kwenye kizingiti cha duka. Bibi ananitazama, anainua kidevu.

Naificha hii chini ya trei. Mdomoni sina kitu.